Parafujo Chini ya Kamera

Mtu akiigeuza kamera juu chini, iwe ni ya mbao na shaba aliyoirithi kwa babu yake au ni ya juzi iliyotoka dukani, aghalabu ataliona tundu moja lenye hesi, la kuikazia kamera juu ya miguu yake mitatu, upana wake robo ya inshi na hesi zake 20 katika kila inshi. Na tundu hilo dogo, ambalo wapiga picha wengi hulipita bila kulitupia jicho, ndilo lililowawezesha mafundi wa pande nyingi za dunia kukiunda kwa mikono yao kile kilichopotea au kuvunjika, bila kungojea meli.

Asili yake si ya kamera hata kidogo. Zamani kila karakhana ya Uingereza ilikata hesi kwa kipimo ilichojipendea, hata nati ya fundi mmoja isikubali bolti ya jirani yake, na mashine ikiharibika sharti irudi kwa aliyeiunda. Fundi Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi kwa fundi mwenzake Henry Maudslay mjini London kisha akafungua karakhana yake Manchester mwaka 1833, alikusanya parafujo za karakhana nyingi, akazipima, akatwaa wastani wake, na mwaka 1841 akawasilisha mbele ya jumuiya ya wahandisi kanuni moja, kwamba pembe ya hesi iwe digrii 55 na kila unene uwe na idadi yake maalumu ya hesi. Ilikuwa imepita miaka miwili tu tangu sanaa ya Daguerre ya kupiga picha kutangazwa Paris, na waundaji wa kamera nao wakaja kukitumia kipimo hicho. Wamarekani nao, kwa shauri la William Sellers mwaka 1864, waliichagua pembe ya digrii 60, lakini katika robo ya inshi idadi ikabaki 20 ile ile, na kwa hiyo parafujo ya Uingereza hukaa katika tundu la Marekani. Kadhalika ile nene ya thuluthi-na-ushei, yaani inshi 3/8 yenye hesi 16, iliyowekwa kwa kamera nzito.

Katika pwani yetu neno parafujo lilitangulia kamera yenyewe, kwani ni la Kireno. Na katika nusu ya pili ya karne ya 19, miongoni mwa waliofungua studio Unguja alikuwamo A. C. Gomes, Mgoa mwenye jina la Kireno. Hata Ranchhod Oza alipoanzisha Capital Art Studio mwaka 1930, hewa ya bahari ilikuwa bado adui wa kamera: gundi huachia, ngozi huota ukungu, chuma hushika kutu. Waundaji wa Uingereza waliitambua hali hiyo, wakatengeneza kamera za nchi za joto kwa msaji, pembe zake zikakazwa kwa shaba. Hata hivyo hakuna msaji uuzuiao mvukuto, ule mfuko wa mikunjo ulio nyuma ya lenzi, usitoboke mikunjoni, wala kioo kisivunjike.

Na hapa ndipo ninapouona uzuri wa vyombo vile vya kale, kwamba kila kiungo chake kilikuwa na fundi wake mtaani. Mvukuto, ambao tundu zake hutafutwa kwa kutia taa ndani gizani, waweza kushonwa na kukunjwa upya na mtu ajuaye kujalidi vitabu. Kile kioo cha ukungu, ambamo mpiga picha aliyejifunika kitambaa cheusi huiona sura imepinduka, hupatikana kwa kioo cha dirisha: hulazwa mezani, kikanyunyiziwa maji na unga wa msasa, kisha kikasuguliwa kwa kioo kingine kwa mzunguko, hata mng'ao ukaondoka na uso wote ukawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Kisha hutiwa katika fremu, upande uliosuguliwa ukielekea lenzi, pale pale barabara ambapo bamba la picha litakaa, maana kikisogea kidogo tu, sura iliyokuwa wazi machoni itatoka na kiwi katika picha.

Vifaa vya baadaye havikuwa na ukarimu huo. Hesi ilibaki, bali juu yake kila kampuni ikaweka kibati chake cha kufungia kwa haraka, chenye umbo lake na kidoko chake cha plastiki, na kampuni ikiacha kukiunda, miguu mitatu mizima hutupwa kwa ajili ya kipande kisichozidi kidole. Nami hilo hunisikitisha kweli. Siku hizi wako wanaokichora kipande hicho katika kompyuta na kukichapa kwa plastiki, nami nawaombea heri.

Mimi nilipopoteza parafujo ya miguu mitatu ya kamera yangu, nilinunua dukani bolti ya milimita 6, nikaona inafanana, ikaingia mizunguko miwili ikakwama. Nikampelekea mzee mmoja wa Mombasa, mkereza vyuma. Alizitia hesi za bolti ile katika meno ya kipimo chake, akatikisa kichwa.

“Mwanangu, hii ni ya milimita, na tundu lako ni la inshi. Ungeikaza ungelila.”

Akafunga kipande cha shaba katika keezo. Vumbi la njano likamwagika miguuni pake, akasimamisha mashine, akajaribu, akairudisha, akapunguza kiasi cha unywele, kisha akaiomba kamera yangu na kuizungusha parafujo katika tundu lake kwa vidole viwili mpaka ikafika mwisho, bila kuilazimisha.