Kodi, Ushuru na Mshahara: Historia Iliyomo katika Maneno

Mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda hutamka maneno haya kila mwisho wa mwezi, lakini ni nadra kuyachambua mbele ya wanafunzi wake. Yafaa tuyachambue, kwani asiyejua maana ya neno katika hati yake ya mshahara hawezi kujua kama amepunjwa.

Tuanze na mshahara. Asili yake ni Kiarabu, na ndani yake mna neno lenye maana ya mwezi: ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Waganda nao walilipokea wakasema omusaala. Ushuru nao asili yake ni sehemu moja ya kumi. Hata hivyo, neno halikufungwa na asili yake. Katika mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, ushuru wa bidhaa zilizoshushwa pwani uliwekwa kuwa 5 kwa mia, yaani nusu ya kumi.

Kodi ina mkasa mrefu zaidi. Mkataba wa Buganda wa Machi 1900, ambao Sir Harry Johnston aliufunga na watawala walioshika madaraka kwa niaba ya Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa mtoto mdogo, uliweka kodi ya rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba, na rupia 3 kwa bunduki. Mkulima alikuwa na ndizi na mbuzi, hakuwa na rupia. Hapana budi alilazimika kutafuta kazi ya ujira, na baadaye kulima pamba. Wengine walijazana katika nyumba moja ili kukwepa, na serikali ikaongeza kodi ya kichwa. Katika miaka ya 1950 ikaja kodi ya ngazi, iliyopimwa kwa uwezo wa mtu. Wazee wangali wanakumbuka wanaume waliokimbilia vichakani wakisikia mtoza kodi anakuja. Kodi hiyo ilisimamishwa mwaka 2005.

Hapa mwalimu ajihadhari. Kiswahili husema kodi kwa malipo ya serikali na kwa malipo ya mwenye nyumba pia, ilhali Kiganda hutenga omusolo wa serikali na obusuulu wa mwenye ardhi. Neno posho nalo lilikuwa chakula au fedha aliyopewa mpagazi kwa siku. Kwetu Uganda limebaki sahanini likawa jina la ugali, lakini kwa jirani zetu mtumishi anayedai posho anadai fedha.

Sasa tuitazame hati yenyewe. Tuchukue mwalimu wa shule ya binafsi mwenye mshahara wa shilingi 500,000. Kwa viwango vya mwaka 2012, shilingi 235,000 za kwanza hazitozwi. Shilingi 100,000 zifuatazo hutozwa 10 kwa mia, yaani 10,000. 75,000 zifuatazo hutozwa 20 kwa mia, yaani 15,000. Na 90,000 zilizosalia hutozwa 30 kwa mia, yaani 27,000. Jumla ya kodi ya mapato ni 52,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, uliowekwa kwa sheria ya 1985, huchukua 5 kwa mia, yaani 25,000, na mwajiri huongeza 50,000 kutoka mfukoni mwake. Mwalimu huondoka na 423,000. Akinunua sabuni dukani, hukutana na kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza nchini mwaka 1996. Hiyo haimo katika hati, imo katika bei.

Mwalimu mwenzetu mmoja alikatwa fedha za mfuko kwa miaka kadhaa. Alipouliza akiba yake, akakuta michango mingi haikufikishwa kamwe. Makato aliyaona kila mwezi. Hakujua kwamba kukatwa na kupelekwa ni mambo mawili, wala kwamba ana haki ya kuulizia sehemu ya mwajiri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, ndugu walimu, tuipeleke hati ya mshahara darasani, jina la mwenyewe likiwa limefichwa, na tuwafundishe wanafunzi kuisoma mstari kwa mstari. Watapata msamiati, watapata hesabu, na siku watakapoajiriwa hawatatia sahihi wasichokielewa.