Malengo ya matibabu ya saratani iliyosambaa

Malengo ya matibabu ya saratani iliyosambaa ni yale ambayo mgonjwa na daktari wanatazamia yatokane na dawa, mionzi au upasuaji baada ya ugonjwa kuenea mbali na kiungo ulikoanzia, hali ambayo wengi huiita hatua ya nne. Saratani ya mapafu au ya utumbo mpana ikishafika hapo, kwa kawaida tibakemikali hutolewa ili kurefusha maisha na kupunguza dalili, si kuponya. Saratani ya korodani ni tofauti: huweza kupona hata ikiwa imesambaa. Kwa hiyo swali la tunatibu ili iweje lina jibu lake kwa kila mgonjwa.

Tatizo ni kwamba mara nyingi haliulizwi. Mwaka 2012 Jane Weeks na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,193 nchini Marekani waliokuwa wakipata tibakemikali. Asilimia 69 ya wenye saratani ya mapafu na asilimia 81 ya wenye ile ya utumbo mpana hawakuonyesha kuelewa kwamba dawa hizo haziwezi kutarajiwa kuwaponya. Ajabu ni kwamba waliosifu sana mazungumzo yao na daktari ndio walioelekea zaidi kukosea. Huenda daktari apendwaye ni yule anayeipita haraka habari mbaya na kuanza kupanga tarehe za dripu.

Madaktari nao hujidanganya. Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont, mwaka 2000, waliwataka madaktari 343 huko Chicago wakadirie muda uliowabakia wagonjwa mahututi 468. Makadirio yaliyokaribia ukweli yalikuwa asilimia 20 tu. Asilimia 63 yalizidisha matumaini, na kadiri daktari alivyomjua mgonjwa kwa muda mrefu ndivyo alivyozidi kukosea.

Hata hivyo, si kila tofauti kati ya mgonjwa na daktari inatokana na kutojua. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1990 ulionyesha kwamba wagonjwa walikuwa tayari kuvumilia tibakemikali kali kwa nafasi ndogo sana ya kupona, kama asilimia 1, ambayo madaktari na wauguzi wengi wasingeikubali. Aliye mzima hupima maisha kwa mizani nyingine.

Afrika Mashariki wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekomaa, na mara nyingi anayezungumza na daktari si mgonjwa. Mtoto mkubwa humvuta daktari kando ya mlango: "Daktari, tunaomba mzee asiambiwe." Mzee mwenyewe, akiulizwa, pengine angetaja kugawa shamba, kumwoza binti, au kufia kwao badala ya mjini. Daktari anatazama uvimbe kwenye picha. Ndugu wanahesabu gharama. Mzee anataka alale usiku bila maumivu.

Lengo hilo la mwisho linafikika. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza mofini, dawa kali ya maumivu, ya maji, ya kunywa, ambayo hutiwa rangi ili nguvu zake zisichanganywe: kijani ndiyo hafifu, buluu ndiyo kali. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliofunzwa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na dalili, kuiandika. Wala kutuliza maumivu si kukata tamaa. Jennifer Temel na wenzake, mwaka 2010, waliwafuatilia wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu huko Boston: nusu ya waliopewa tiba shufaa mapema, pamoja na matibabu ya kawaida, waliishi zaidi ya miezi 11.6, ilhali kwa wengine ilikuwa 8.9, ingawa wale wa tiba shufaa walipewa matibabu makali machache zaidi mwishoni.

Malengo hubadili hata kipimo cha tiba. Kwa maumivu ya mifupa, kupigwa mionzi mara moja, kwa kipimo cha grei 8, hutuliza sawa na kupigwa siku kadhaa mfululizo. Kasoro yake ni kwamba wanaopigwa mara moja huhitaji kurudia mara nyingi kuliko wengine. Kwa mgonjwa aliyetoka Kigoma kuja Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kuondoka mapema ni nafuu kubwa, lakini akihitaji kurudia, safari ni ileile. Aulizwe kabla ya mashine kupangwa.