Ombi la Tano la Euclid

Katika elimu alizorithi mwanadamu, jiometri ndiyo iliyosifiwa kwa muda mrefu kuwa haina shaka ndani yake. Sheria hubadilishwa, tarehe za wafalme husahihishwa, maana za mashairi hubishaniwa. Lakini pembetatu, yasemwa, haina mbishani. Sifa hii ina haki yake, walakini huficha jambo ambalo mwanafunzi hana budi kulijua. Elimu hii ilijengwa juu ya maombi, na ombi moja lilitiliwa shaka kwa miaka mingi mno kabla ya shaka hiyo kuzaa matunda.

Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, katika mji wa Iskandaria nchini Misri, Euclid alikusanya na kupanga maarifa ya Wayunani katika vitabu 13. Kitabu cha kwanza huanza na fasili 23: nukta ni nini, mstari ni nini, pembe, duara, na kadhalika. Baada ya fasili huja kanuni tano, ambazo jina lake la Kiyunani lina maana ya mambo yaombwayo. Mwandishi humwomba msomaji akubali kwamba nukta mbili zaweza kuunganishwa kwa mstari mnyofu. Kwamba mstari huo waweza kurefushwa. Kwamba duara laweza kuchorwa kwa kitovu chochote na kwa nusukipenyo chochote. Na kwamba pembe mraba zote ni sawa. Hayo manne ni mafupi, na ni nadra mtu kuyakataa.

Ombi la tano ni la namna nyingine. Ikiwa mstari mnyofu wakata mistari mingine miwili, na pembe mbili za ndani za upande mmoja zikijumlishwa zapungua pembe mraba mbili, basi mistari hiyo miwili, ikirefushwa bila kikomo, itakutana upande huo. Nani aliyewahi kuifuata mistari bila kikomo akarudi kutoa ushahidi? Euclid mwenyewe hakulikimbilia ombi hili: kauli 28 za kwanza za kitabu chake huthibitishwa pasipo hilo, nalo huitwa kazini katika kauli ya 29. Hata hivyo, juu yake hutegemea mambo tuyaonayo kuwa mepesi kabisa, kama vile kanuni kwamba jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180.

Wanazuoni wengi waliona kwamba kauli ndefu namna hii yapasa kuthibitishwa. Kazi hiyo ilipata nguvu mpya baada ya kitabu cha Euclid kufasiriwa kwa Kiarabu katika zama za Harun al-Rashid na mwanawe al-Ma'mun. Waarabu waliiita elimu hii handasa, na kutoka ukoo wa neno hilo Kiswahili kimepata mhandisi. Omar Khayyam, ambaye wasomaji wetu humjua kwa mashairi yaliyofasiriwa na Shaaban Robert, alikamilisha mwaka 1077 risala juu ya matatizo ya maombi ya Euclid. Alichora umbo la pande nne, pande mbili zake zikiwa sawa na zikisimama wima juu ya kitako, kisha akauliza: pembe mbili za juu ni kali, butu, au mraba? Alijitahidi kuzikanusha hali mbili za kwanza ili ya tatu ibaki peke yake. Lakini kila uthibitisho wa namna hiyo ulipochunguzwa, ulionekana umeficha ndani yake dhana iliyo sawa na ombi lenyewe. Kana kwamba shahidi alikuwa ndugu wa mdai.

Mwaka 1733 padri Mwitalia, Girolamo Saccheri, alichapisha kitabu kwa nia ya kumwondolea Euclid kila dosari. Alilishika umbo lilo hilo, akachukulia kwamba pembe za juu ni kali, akangojea hoja zigongane. Hazikugongana; zilikuja kauli ngeni, moja baada ya nyingine, zote zikipatana. Mwishowe alizikataa kwa kuwa hazikuafiki tabia ya mstari mnyofu kama alivyoiona yeye. Alikuwa amefika mlangoni mwa nyumba mpya, akaufunga kwa sababu nyumba haikufanana na ile aliyoizoea.

Waliouvuka mlango huo walikuwa Nikolai Lobachevsky wa Kazan, Urusi, aliyechapisha kazi yake mwaka 1829, na János Bolyai, Mhungaria, aliyeitoa ya kwake mwaka 1832 bila kujua habari za mwenzake. Carl Friedrich Gauss, mwanahesabu mkuu wa zama zake, alikuwa amekwisha kuyafikia mawazo hayo, lakini hakuyatangaza kwa kuogopa kelele za watu. Katika jiometri hii, kwenye nukta iliyo nje ya mstari hupita mistari mingi isiyokutana nao, na jumla ya pembe za pembetatu hupungua nyuzi 180. Mwaka 1868 Eugenio Beltrami alionyesha kwamba, ikiwa jiometri ya Euclid haina mgongano ndani yake, na hii haina.

Bernhard Riemann naye alikuwa amefungua, mwaka 1854, njia ya kupima anga zenye kupinda. Mfano mwepesi wa mpindo u karibu nasi. Ikweta hupita Nanyuki, Kenya, na Kayabwe, Uganda. Wasafiri wawili wakiondoka huko kuelekea kaskazini, kila mmoja akifanya pembe mraba na ikweta, juu ya ubapa wasingekutana kamwe. Juu ya dunia iliyo mviringo, njia zao hukutana katika Ncha ya Kaskazini. Mwaka 1915 Albert Einstein alieleza nguvu ya uvutano kwa jiometri ya Riemann.

Je, Euclid alikosea? La. Fundi apimaye msingi wa nyumba hulitii ombi la tano wala hapati hasara. Ubora wa Euclid ni kuwa hakujifanya amethibitisha asichoweza kukithibitisha. Alikiandika wazi miongoni mwa maombi, mahali ambapo kila msomaji aliweza kukiona na kukihoji. Mwalimu amkaririshaye mwanafunzi kanuni zote kana kwamba ni amri humnyima nusu ya elimu hii. Afadhali amwonyeshe ni kipi kimethibitishwa na ni kipi kimeombwa. Kwa maana kiombwacho chaweza kukataliwa, na kwa kukataliwa ombi moja ulimwengu ulipata jiometri nyingine.