Habari za Kifafa katika Nchi ya Mahenge

Mtu atokaye Ifakara kwenda Mahenge huvuka mto Kilombero, kisha hupanda milima. Daraja lilifunguliwa mwaka 2018. Kabla yake palikuwa na pantoni tu. Twaanza na njia kwa kuwa njia ndiyo iliyokuwa taabu ya kwanza ya mgonjwa. Hospitali ya maradhi ya akili, Mirembe, ilikuwako Dodoma tangu miaka ya 1920, na kifafa kilihesabiwa pamoja na maradhi hayo. Lakini nani angeweza kumchukua mgonjwa hata huko?

Basi Wapogoro wenye kifafa walikaa nyumbani. Watu waliogopa kwamba mate ya mgonjwa huambukiza, jambo lisilo kweli. Hata alipoanguka motoni walisita kumshika, naye alikula peke yake.

Mwaka 1960 Louise Jilek-Aall, daktari mwanamke wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge. Alitumia fenobabitoni, vidonge vya bei ndogo. Wengi walipata nafuu. Lakini vidonge hivyo humezwa kila siku, na mgonjwa akiviacha ghafula huweza kuanguka vibaya kuliko kwanza. Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa dawa isikatike, masika na kiangazi.