Kabuki: Ngoma ya Ukingoni mwa Mto Iliyogeuka Urithi wa Taifa

Wengi wanaoitazama Japani kwa mbali huigawa mafungu mawili: huku sanaa za jadi za jukwaani, kule katuni za manga na filamu za anime. Kisha huhofia kwamba burudani za leo zinaimeza jadi. Historia ya kabuki inapinga hofu hiyo, kwa kuwa jadi hiyo yenyewe ilizaliwa ikiwa burudani ya umma, tena burudani iliyowakera watawala. Simulizi za kale zinaanzia mwaka 1603 mjini Kyoto, kwa mwanamke aitwaye Okuni aliyecheza ngoma kwenye ukingo mkavu wa mto Kamo, akivaa mavazi ya kiume. Mwaka 1629 serikali ya Tokugawa iliwapiga wanawake marufuku kupanda jukwaani. Mwaka 1652 ikawageukia wavulana waliochukua nafasi zao. Wakabaki wanaume watu wazima, na katika dhiki hiyo ikakua sanaa ya onnagata, wanaume waliobobea katika kuigiza wanawake. Mwaka 1748, kisa cha samurai 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao kilitungiwa mchezo wa vikaragosi mjini Osaka. Kwa kuwa ilikatazwa kuigiza mambo ya samurai wa zama zile, watunzi walikisogeza nyuma hadi karne ya 14. Kabla mwaka haujaisha, waigizaji wa kabuki walikuwa wamekwisha kukichukua. Ndicho leo kinachohesabiwa miongoni mwa nguzo za jadi yao.

Atatokea wa kusema kwamba hayo yalikoma mwaka 1887, Mfalme Meiji alipoitazama kabuki; kwamba tangu hapo ilivishwa heshima ya dola, na leo inaishi kwa kutunzwa tu. Ni kweli heshima ilikuja, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Lakini heshima haikuitenga na soko. Mwaka 1899 mwigizaji mashuhuri Ichikawa Danjuro wa Tisa alirekodiwa katika filamu ya Momijigari, na kwa miaka mingi baadaye sinema za Japani ziliwatumia onnagata kuigiza wanawake. Mwaka 2015 manga ya One Piece ilipandishwa jukwaani kwa mtindo wa kabuki, jijini Tokyo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kuazima manga ni chambo cha kuuzia tiketi. Tiketi zilitakiwa hata enzi za Tokugawa, na kisa cha wale samurai nacho kiliazimwa kwa sababu kilivuta watu. Kilichoifanya kabuki ibaki kabuki ni malezi: mwili unaofunzwa tangu utotoni, mikao na sauti anazozipokea mwanafunzi kutoka kwa mwalimu, majina ya kisanii yanayorithiwa kizazi kwa kizazi. Kwa kipimo hichohicho, anime haiwi mrithi wa jadi kwa kuchora kimono na hekalu tu. Pambo si malezi. Kwa hiyo anayetaka kuilinda sanaa ya jadi ailinde shule yake na walimu wake, kisha aiachie uhuru wa kuchagua visa. Jadi iliyonyimwa hadhira ya leo itakosa pia wanafunzi wa kesho.