Umri wa kupiga kura

Umri wa kupiga kura ni umri wa chini ambao raia hana budi kuutimiza ndipo aruhusiwe kuchagua viongozi. Nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwemo, zimeuweka kuwa miaka 18. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kiwango cha kawaida kilikuwa miaka 21 au zaidi. Chekoslovakia ilikishusha hadi 18 mwaka 1946, Uingereza mwaka 1969, na Ufaransa mwaka 1974.

Marekani

Mwaka 1942 Bunge la Marekani lilishusha umri wa kuandikishwa jeshini kwa lazima hadi miaka 18. Papo hapo likazuka swali lililowakera wanasiasa kwa karibu miaka 30: anayefaa kuifia nchi, anakosaje kuichagulia viongozi? Jimbo la Georgia halikungoja. Liliwapa vijana wake kura mwaka 1943. Jennings Randolph wa West Virginia, kwanza akiwa mbunge kisha seneta, alilirudisha bungeni mara kwa mara pendekezo la kushusha umri wa kupiga kura hadi 18 kwa subira ya kupigiwa mfano, na Rais Eisenhower aliliunga mkono mwaka 1954.

Vita ya Vietnam ndiyo iliyovunja ukaidi. Bunge lilipitisha sheria ya kushusha umri hadi 18 mwaka 1970, lakini Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba sheria hiyo inagusa uchaguzi wa kitaifa tu, si wa majimbo. Kwa hiyo majimbo mengi yangelazimika kuwa na madaftari mawili ya wapiga kura. Hofu ya gharama na vurugu hiyo, pengine kuliko mapenzi kwa vijana, iliharakisha Marekebisho ya 26 ya Katiba, yaliyoweka miaka 18 kwa chaguzi zote. Yalipita bungeni Machi 1971 na kuridhiwa na majimbo ya kutosha ifikapo 1 Julai, kasi ambayo haijafikiwa na marekebisho mengine yoyote. Katika uchaguzi wa rais wa 1972, takriban nusu tu ya vijana hao walijitokeza kupiga kura.

Chini ya miaka 18

Brazil inawaruhusu wenye miaka 16 tangu Katiba ya 1988, nao hupiga kura kwa hiari. Austria ilifuata mwaka 2007. Iran ilikwenda kinyume: mwaka huo ilipandisha umri kutoka 15 hadi 18.

Asia na Ghuba

Malaysia ilishuka kutoka 21 hadi 18 mwaka 2019, baada ya kampeni ya Undi18 iliyoanzishwa na wanafunzi. Oman na Singapore zimebaki na 21.

Umri wa kugombea

Haki ya kuchagua haileti haki ya kuchaguliwa. Mtanzania hupiga kura akiwa na miaka 18, hugombea ubunge kuanzia 21, na urais kuanzia 40. Nigeria ilishusha umri wa kugombea urais kutoka 40 hadi 35 mwaka 2018.