Nani Mwenye Shauri?

Mwalimu wa sekondari, muuguzi au mwanasheria mwenye shahada yake kamili anaporudi chuoni kusomea ushauri nasaha, miongoni mwa mambo ya mwanzo anayofundishwa ni kujizuia kutoa ushauri. Asimwambie aliyekuja kwake aachane na mume, wala asimwambie abaki. Asimpe mfano wa shangazi yake aliyevumilia. Msingi huo umetokana kwa kiasi kikubwa na Carl Rogers (1902–1987), mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1942 alishikilia kwamba mtu akisikilizwa kwa dhati, bila kuhukumiwa, ana uwezo wa kuiona njia yake mwenyewe. Mwanafunzi wetu analitazama tena jina la kozi aliyoilipia ada: ushauri, halafu nasaha. Maneno mawili, na yote mawili yanamtaka afanye alichokatazwa.

Wapo wanaolilaumu jina hilo, wakisema watunga istilahi walikosea. Mimi nalitetea. Neno shauri tunalipunja tunapolifanya liwe maneno ya mjuzi kwa asiyejua. Sikiliza linavyotumika mitaani na barazani. Wenye jambo huambiwa wakae wafanye shauri, yaani wazungumze mpaka wafikie la kufanya. Kijiji kina halmashauri, na mashauri yamo ndani ya jina lenyewe. Kesi iliyo mbele ya hakimu ni shauri. Anayekwama husema hana shauri, na hapo hamaanishi kwamba amekosa wa kumshauri. Hana la kufanya. Na kitenzi kinachotutoka mdomoni kwa wepesi zaidi ni kushauriana, chenye -ana ya kutendeana. Katika matumizi yote haya shauri ni jambo lililowekwa katikati, linageuzwageuzwa, na lina mwenyewe.

Kisha kuna shauri lako, au shauri yako kama wengi tunavyotamka. Leo tunalitupa kwa hasira mtu anapokataa kusikia. Hata hivyo maana yake ya msingi ni nzito na ya heshima: uamuzi huu ni wako, hakuna atakayekunyang'anya. Nani angeweza kuifupisha zaidi kanuni ya Rogers? Tofauti iko katika sauti. Anayetamka shauri lako na kukupa mgongo amekutelekeza. Anayelitamka akiwa bado amekaa nawe, tayari kukusikiliza saa nzima, anafanya kazi ambayo vyuo vinaifundisha.

Asili ya Kiarabu inaongeza utamu. Mzizi wa shauri, kwa maelezo ya wanaleksikografia wa kale wa Kiarabu, umefungamana na kurina asali, kuitoa mzingani. Wataalamu haohao wanaihusisha nasaha na asali iliyochujwa, safi isiyo na mchanganyiko, na pia na kushona: mwenye kutoa nasaha na mshona nguo wana mzizi mmoja. Ukiyashika hayo, ushauri nasaha unaacha kuwa kusema jambo moja mara mbili. Shauri linatoa kilichomo ndani ya mtu mwenyewe, na nasaha inadai usafi wa nia kwa yule anayesaidia kukitoa. Ndiyo maana hata unasihi, neno ambalo vyuo kadhaa vya Tanzania vinalipenda, nalikubali kwa moyo mmoja, mradi tusilitumie kulifukuza neno ushauri.

Kilichobana maana ya ushauri, nadhani, ni historia ya karibu. Kwa Watanzania wengi istilahi hii ilikuja na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na baadaye vikaenea vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete alipimwa hadharani jijini Dar es Salaam ili wananchi wamfuate. Kazi ya vituo hivyo iliokoa watu, na ilihitaji maelekezo ya wazi: tumia kinga, rudi kliniki, mwambie mwenzi wako. Basi mshauri nasaha akajulikana kuwa mtu wa kutoa maelekezo kabla na baada ya kipimo. Kenya ilipotunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, taaluma ilipata bodi na usajili. Maana ya zamani ya neno, hata hivyo, hairudi kwa sheria. Inarudi kwa mafunzo.

Hapo ndipo shahada ya awali inapohusika, kwa sababu kila anayerudi darasani anarudi na shauri lake. Kwa mwanasheria, shauri huamuliwa na mtu wa tatu aliyekaa juu. Mwalimu akisikia kosa ulimi unamwasha alisahihishe. Muuguzi anasaka dalili, na mchungaji ana aya tayari kabla sentensi ya mgeni wake haijaisha. Ujuzi huo ni mali, wala hakuna chuo kinachopaswa kuufuta. Lakini mazoezi ya wawiliwawili na saa za vitendo chini ya msimamizi ndiyo mahali pa kujua ni lini uutumie na ni lini unyamaze.

Cheti cha kozi hiyo, stashahada ya uzamili, kina jina linalowatesa wengi nyumbani. Stashahada iko chini ya shahada. Stashahada ya uzamili iko juu yake. Mzazi anayesikia neno la kwanza tu huona mwanawe ameshuka ngazi. Mwanafunzi aeleze bila haya kwamba kwa kawaida haisomwi bila shahada.

Neno mteja nalo lina siri. Dukani ni mnunuzi, lakini kamusi zinaeleza pia kwamba ni mtu anayetibiwa na mganga. Kwa hiyo tunapomwita mteja mtu aliyekuja kuzungumza, hatujamgeuza mnunuzi tu. Kiswahili kililipa neno hilo nafasi tangu zamani, karibu na uponyaji.

Linalonisumbua kweli ni jingine. Wengi husoma nadharia kwa Kiingereza, kisha hukaa na mteja anayesema Kiswahili. Kitabuni wamejifunza ugonjwa ambao wataalamu wetu wanauita sonona. Mteja anasema: nina mawazo. Mgeni wa lugha angedhani anajisifu kwa kufikiri; sisi tunajua hajalala. Mwingine ana dukuduku, mwingine moyo mzito, mwingine anatafuta msiri, mtu wa kumtunzia siri. Hakuna hata moja kati ya hayo linalolingana sawasawa na istilahi ya kitabu, na mshauri anayekimbilia kulitafsiri anaweza kuukosa uchungu wenyewe. Ningependa ripoti za mafunzo kwa vitendo zidai jambo hili: maneno ya mteja yaandikwe kama alivyoyatamka, kwa Kiswahili chake cha Unguja, Mombasa au Lubumbashi, na mwanafunzi amweleze msimamizi aliyasikiaje kabla ya kuyapa jina la kitaalamu.